Bebi shawa twajaza ukumbi, mzazi akitoka hospitali hana mtu. Nani analea mzazi Mombasa siku hizi?

#1 BintiMtopanga
Asalaam aleikum na habari zenu. Nimewasoma humu kimya kimya mda mrefu, leo naanzisha uzi wangu. Mimba ya kwanza, mwezi wa saba huu. Juzi tulikuwa bebi shawa ya binamu yangu huko Bamburi, watu ukumbi mzima, keki, maputo, leso sare sote, picha mpaka simu zikaisha chaji. Siku ya pili nikenda kumuona rafiki yangu alofanyiwa sherehe kama hiyo mwaka huu na ashazaa, yuko gorofa ya nne, mume yuko zamu bandarini, mtoto mkononi yualia, saa nane mchana na hajatia kitu mdomoni toka asubuhi. Nikamuuliza nani yuaja kukusaidia, akaanza kulia yeye.

Mie nasema hivi, Mombasa tumebaki na sherehe za kabla ya kuzaa, kulea mzazi tumeacha. Ni kweli au ni mie tu naona vibaya?

La pili ni langu. Mamangu yuko Lamu, ni mgonjwa hawezi kusafiri. Mama mkwe yuko Kwale, ataka nikalelewe kwake arobaini nzima na namshukuru, lakini ashasema waziwazi mtoto atapewa maji na asali kama alivyowalea wanawe na mambo ya kliniki niyaache huku huku. Mume wangu asema niamue mwenyewe. Sasa naamua vipi kitu sijawahi kukifanya? Mlozaa karibuni nambieni mlifanyaje.

#2 MamaWaWatatu
Waaleikum salaam mwanangu, hongera na Mungu akujalie salama. Unalosema ni kweli tupu. Mie wawili wa kwanza nlizalia Majengo kwa mamangu, nyumba ya Kiswahili ile ya ukumbi katikati na uwani nyuma. Alfajiri shangazi ashateka maji ashayachemsha, nakandwa, nafungwa mkaja tumbo likaza, nafukizwa udi, nakaa kitandani naletewa uji wa pilipili manga bakuli kubwa na maziwa. Saa nne supu. Mchana wali na mchuzi wa samaki. Kazi yangu ilikuwa kunyonyesha na kulala. Mtoto akilia usiku nyanyake yuamchukua yuambeba mgongoni yuaimba, akiona yuataka ziwa ndo yuaniamsha.

Wa tatu nimezalia fleti hapa Mtopanga, mamangu ashafariki. Siku ya nne nlikuwa nafua nepi za mtoto na mshono haujapona. Mtoto yule yule, mama yule yule, lakini nlijiona si mtu. Sikujua kama kuna kulia bila sababu mpaka mimba ya tatu.

#3 MtuWaLikoni
Jibu liko hapo hapo kwa #2. Ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita na familia tatu na uwani mmoja, ukitoka na mtoto kila mtu yuakuona. Fleti ni mlango wa chuma na grili, jirani humjui jina. Wamiliki wanavunja nyumba za zamani wanapandisha gorofa, watu wanalipa kodi mara tatu na wamepoteza mashangazi wanne. Hakuna kingine, msitafute mchawi.

#4 KadzoM
@MtuWaLikoni si nyumba pekee. Mie naishi Mikindani vyumba vya kupanga, choo kimoja watu kumi, majirani nawajua wote na bado nlizaa nikabaki peke yangu. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu yuko kazini! Nyanya wa zamani alikuwa na miaka sitini yuko nyumbani, nyanya wa sasa ana arobaini na tano yuauza viazi karai jioni na asubuhi yuafulia watu Nyali, akikaa kukukanda wewe arobaini nzima nani atalipa skuli ya wadogo zako? Tunalaumu watu hawana roho ilhali hawana siku. Ni pesa.

#5 NesiWaZamu
Habari za leo. Mie ni nesi, niko zahanati ya serikali upande wa Kisauni, nimefanya kliniki ya wajawazito na watoto miaka mingi. Nitaanza na la asali maana hilo haliwezi kungoja uzi uishe.

Asali mtoto asipewe kabla hajafika mwaka mmoja. Ina vijidudu vinavyoweza kuzalisha sumu kwenye tumbo la mtoto mchanga, mtoto analegea shingo, anashindwa kunyonya, hata kupumua. Ni nadra lakini ikitokea ni kitu kibaya sana. Utumbo wa mtu mzima unavishinda, wa mtoto mchanga bado.

Maji nayo. Najua mtasema joto la Mombasa. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Mtoto akiwa na kiu mnyonyeshe, hata kila saa. Ukimpa maji anajaza tumbo dogo kwa kitu kisicho chakula, ananyonya kidogo, ziwa linapunguza kutoa, halafu mama anasema maziwa yangu hayatoshi. Ndo tunavyoshauri maziwa pekee mpaka miezi 6, na ziwa la kwanza ndani ya saa moja baada ya kuzaa, hata yale maziwa ya manjano mazito ambayo bado kuna watu wanayakamua wanamwaga. Yale ndo kinga ya kwanza ya mtoto jamani msiyamwage.

Lakini BintiMtopanga, mambo mengine yote ya mama mkwe, maji moto, mkaja, uji, supu, kulala, sina neno nayo. Usikatae mkono wote kwa sababu ya kidole.

#6 MzeeWaKibokoni
Salaam kwenu vijana. Nimesoma ya nesi kwa heshima. Ila tusiende mbali, sisi kina babu na nyanya tumelelewa kwa maji ya mtungi na tumekua. Na kuna tahniki, mtoto kupakwa tende kwenye kaakaa, hiyo ni sunna, haiwi ikaingizwa kwenye makosa.

#7 NesiWaZamu
@MzeeWaKibokoni shikamoo mzee wangu. Tahniki sikuitaja makusudi maana si kazi yangu kumwambia mtu aache jambo la dini yake. Wazazi wengi wa Mji wa Kale nawaona wanafanya, na ninalowaomba ni mikono ioshwe kwa sabuni, mpakaji asiwe na kikohozi wala kidonda mdomoni, iwe ni kupaka kitone tu si kulisha, na iwe tende, isigeuzwe asali. Halafu ziwa lifuate.

Kwa hilo la tumekua, mzee, waliokua ndo tunawaona. Waulize wazee nyumba ngapi Kibokoni hazikuzika mtoto wa kuhara.

#8 MzeeWaKibokoni
Marahaba. Hapo umenena, nyumbani kwetu walizikwa wawili kabla yangu mimi. Mama yetu hakuwahi kutaja.

#9 Mwanamvita
Samahanini mie nitakwenda kinyume na wote. Hii arobaini mnayoililia mimi nimeipitia 2019 na siitaki tena. Nilikandwa maji yakanibabua mapaja. Nikisema yanachoma naambiwa mzazi hasemi. Nikilia naambiwa nitamletea mtoto mkosi. Mtoto akawekwa wanja machoni siku ya tatu na mvuje mkononi sikuulizwa, kitovu kikatiwa majivu, nikisema kliniki walisema kitovu kikavu naambiwa kwani hao wa kliniki ndo walozaa? Nlikuwa na watu tisa ndani ya nyumba na sijawahi kuwa mpweke hivyo maishani.

Kwa hiyo swali si nani yuko na wewe. Swali ni hao walioko na wewe wanakusikiza? Rafiki wa BintiMtopanga hakuwa na mtu, mimi nlikuwa nao na wote wawili tulilia.

#10 MamaWaWatatu
@Mwanamvita pole sana mwanangu. Yako yamenigusa. Ila huyo mkandaji hajui kazi, maji hujaribiwa kwa kisugudi kwanza.

#11 Mjukuu_wa_Mkunga
Nakuja na sababu ya tatu na nawaomba muifikirie. Nyanyangu alikuwa mkunga huko Rabai, watu walimfuata mpaka kutoka Jomvu. Serikali ilipoanza uzazi wa bure kwenye hospitali za umma, Juni 2013, watu wakaambiwa wazalie hospitali, jambo zuri maana damu ikizidi nyanya hana damu ya kukuongeza na yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Lakini mkunga hakuwa wa siku ya kuzaa tu. Alikuwa akija tumbo likiwa la miezi minne, yuakujua mumeo, yuajua kama unapigwa, yuajua kama huli. Na baada ya kuzaa yuarudi mpaka arobaini. Tulipomtoa kwenye kuzalisha, tukamtoa na kwenye hayo mengine, na hakuna aliyewekwa pale.

Sasa elimu ya kukanda imebaki kwa watu wa kukisia. Nyanya alikuwa na masharti, alozaa kwa kisu tumbo halikandwi kabisa mpaka mshono upone, na alokuwa anatoka damu nyingi hagusi, anampeleka. Nani anajua hayo leo?

#12 MtuWaLikoni
Kwani hao CHP si ndo hao? 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii laki moja nchi nzima na mikoba yao ya kupima presha. Mtaani kwetu yupo mama mmoja yuapita nyumba kwa nyumba.

#13 Mjukuu_wa_Mkunga
Wapo na wanajitahidi, nyumba ni nyingi. Na yeye yuaja kuuliza na kuandika, hakai akakupikia uji. Kwa fleti walinzi wanamzuia getini.

#14 MtuWaLikoni
Ahaa! Fleti. Nilisema nini mimi 😀

#15 KadzoM
Mtu wa Likoni wewe hata mvua isiponyesha utasema ni fleti.

#16 BabaMapacha
Nawasalimu. Mbona wanaume hatutajwi? Mie nina mapacha, wa kike na wa kiume, walizaliwa kabla ya miezi yao. Mke alikaa wodini na watoto, mie nlikuwa nje kwenye benchi. Hakuna hata mmoja alonifundisha kitu. Kliniki nilikuwa naenda naye naachwa mlangoni nikae na wanaume wenzangu tunaangalia simu. Nilijifunza kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kutoka kwa nesi mmoja wa usiku, akaniambia vua shati kaa hapa, akaniwekea mmoja kifuani mke akashika mwenziwe. Yule nesi sitamsahau, kumbe joto la baba linafanya kazi ile ile.

Kazini nliomba likizo bosi akaniambia kwani wewe ndo ulozaa, chukua siku mbili.

#17 KadzoM
@BabaMapacha ulidhulumiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 29, mama miezi 3 na mshahara kamili, baba wiki 2 na mshahara kamili. Si hisani ya bosi. Mama anatakiwa atoe notisi ya maandishi angalau siku 7 kabla na likizo ya mwaka haikatwi. Shida yetu wengi tuko kibarua hatuna karatasi, ndo maana narudia pale pale kwamba ni pesa. Sheria inamshika alo na barua ya kazi, muuza mahamri yuarudi jikoni siku ya kumi na mtoto mgongoni.

#18 UkhtyMajengo
Jamani la maamuzi mmelipita haraka. Mie mtoto wa kwanza nilipasuliwa. Nlikuwa leba toka usiku, asubuhi daktari akaja akasoma karatasi akasema tiata, nikapewa fomu nitie saini. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa wataka mtoto hai ama hutaki. Nani atajibu hapo? Nikatia saini. Mpaka leo sijui kwa nini nilikatwa, na karatasi nlopewa imeandikwa hati ya daktari haisomeki.

Sasa nina mimba ya pili na kila mtu ananiambia ukishapasuliwa mara moja ni kisu daima. Mama mkwe asema nifunge nisali nitazaa kawaida. Mume ataka tuende hospitali ya kulipia. Sijui nimsikize nani.

#19 NesiWaZamu
Ukhty pole. Kusema wataka mtoto hai ama hutaki si maelezo, ni kitisho, na hata ikiwa upasuaji ulihitajika kweli (na huenda ulihitajika) una haki ya kuambiwa kwa nini kwa lugha unayoielewa.

Kisu daima si kweli kwa kila mtu. Mama alopasuliwa mara moja, mkato wa chini wa kulala, na sababu ya mara ya kwanza haikuwa ya kudumu, wengi wanaweza kujaribu kawaida na wanaojaribu kama 6 mpaka 8 kati ya 10 hufaulu. Hatari kubwa ni kovu la mji wa mimba kuachia wakati wa uchungu, ni kama 1 kati ya 200, ni nadra lakini ikitokea ni dakika zinahesabiwa. Kwa hiyo si jambo la kujaribia nyumbani wala zahanati kama yangu, nenda palipo na tiata na damu mchana na usiku. Na kama mimba zimekaribiana sana daktari atakuwa na wasiwasi zaidi.

Ukienda kliniki ya daktari uliza: mara ya kwanza nilikatwa kwa nini? Mkato ni wa aina gani? Hapa nikianza uchungu saa nane usiku tiata iko tayari? Nikichagua kisu nina hatari gani mimi na mimba nitakazobeba baadae? Waandikie wakupe nakala ya faili, ni haki yako. Na nenda na mtu. Mtu akiwa leba hawezi kubishana, yule alokaa kando ndo anauliza.

#20 MtuWaLikoni
Na tusisahau hospitali zingine kisu kinalipa. SHA, bima ya afya ya serikali, yalipa kuzaa kawaida elfu 10, kisu elfu 30. Hesabu hiyo mtu yeyote aijua.

#21 NesiWaZamu
Hiyo ni kweli kama bei, lakini kisu pia kina gharama zake, watu wa tiata, dawa ya usingizi, siku za kulala. Wapo wanaokimbilia na wapo mama wanaokufa kwa sababu walicheleweshwa kisu. Vyote viwili navijua.

#22 Fundi_Cherehani
Kwani ule mpango wa kuzaa wa Linda Mama si ni bure? Mke wangu yuko miezi mitano hatujalipa chochote.

#23 KadzoM
@Fundi_Cherehani Linda Mama ya NHIF, ile bima ya zamani, ilikwisha. SHA imechukua toka Oktoba 2024, wanaiita Linda Jamii. Lazima msajiliwe na mlipe, asilimia 2.75 ya mshahara, msio na mshahara mnapimwa mapato halafu mnalipa, chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Fanyeni sasa, msingoje uchungu uanze mkiwa dirishani mnatafuta namba ya kitambulisho.

#24 Fundi_Cherehani
Shukran. Kesho.

#25 Mtongwe_36
Habari zenu, samahani naingilia uzi. Niko wiki ya 36, niko Mtongwe. Miguu imevimba sana na leo uso pia. Kichwa chaniuma toka jana, nimekunywa panadol haijasaidia na naona vimulimuli. Mamangu asema ni kawaida mtoto wa kiume huvimbisha. Niende kliniki Jumatatu ama kuna dawa?

#26 NesiWaZamu
@Mtongwe_36 usingoje Jumatatu, usingoje asubuhi. Nenda hospitali SASA HIVI na mtu. Hiyo yaweza kuwa presha ya mimba, ikiachwa yaleta kifafa cha mimba. Kichwa kisichosikia dawa na vimulimuli ni dalili ya hatari, haijalishi mtoto ni wa kiume ama wa kike. Chukua kitabu cha kliniki, ukifika mlangoni sema maneno haya: wiki 36, kichwa, naona vimulimuli. Usikae foleni.

#27 MtuWaLikoni
Dada usivuke feri, hospitali za kuzalia zipo huku huku Likoni wakupime kwanza, ikibidi kuvuka watakupeleka na ambulensi. Nina tuktuk niko Shika Adabu dakika chache nafika, andika upo sehemu gani inboksi.

#28 MamaWaWatatu
Nenda mwanangu, mamako mwambie kwa upole lakini nenda. Tunakuombea.

#29 Mwanamvita
Nikiendelea na nliyosema, kuna kitu kinaitwa sonona baada ya kuzaa na mtaani kwetu inaitwa jini ama zongo. Mie nilipelekwa kuzinguliwa mara si moja kabla mtu kunipeleka kwa daktari. Sikatai kusomewa Qur'ani, ilinituliza. Lakini hakuna alouliza unalala? unamtaka mtoto? unawaza kujidhuru? Nlikuwa nawaza.

#30 NesiWaZamu
@Mwanamvita asante kwa kuisema wazi. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi kama zetu karibu mama 1 kati ya 5 hupata shida ya akili baada ya kuzaa, hasa sonona. Kuna maswali 10 ya Edinburgh, yapo toka 1987, mtu anayajibu dakika tano. Machozi ya siku chache za mwanzo ni ya wengi na hupita. Yakipita wiki mbili, ama mama hataki kumshika mtoto, ama anawaza kufa, hiyo si tabia na si uvivu, mleteni, na kama anawaza kufa asiachwe peke yake. Kusomewa na dawa vinakwenda pamoja.

#31 UkhtyMajengo
Nauliza, hizi pesa za bebi shawa haziwezi kugeuzwa? Sisi kwenye chama chetu tulimfanyia mwenzetu hivi, tukapanga zamu za chungu, kila siku mtu mmoja yuapeleka chakula cha mchana, yuaacha mlangoni yuaondoka. Wiki nne. Keki hakuna, yeye mwenyewe alisema mchicha wa siku ya kumi ulimpendeza kuliko keki.

#32 Mwanamvita
Yuaacha mlangoni YUAONDOKA. Hapo ndo penyewe. Maana wageni wetu wanakuja kumuona mtoto wanakaa mpaka magharibi, wataka chai na mzazi ndo apike, wambusu mtoto mdomoni na wana mafua.

#33 MzeeWaKibokoni
Wageni ni baraka.

#34 MamaWaWatatu
Ni baraka mzee wangu, waje na sufuria.

#35 Mjukuu_wa_Mkunga
Zamu za chungu ni nzuri lakini hazijazi pengo. Chakula chaweza kuletwa na yeyote. Mtu wa kuangalia mtoto ashike ziwa vizuri, aone mama damu yake ina harufu, huyo ndo hatuna.

#36 MtuWaLikoni
Habari ya Mtongwe. Nimemfikisha na mamake. Presha ilikuwa juu sana wakamtia ndani hapo hapo, wamemchoma sindano na wanampeleka kisiwani. Tuombeni.

#37 NesiWaZamu
Alhamdulillahi kwa kufika. Na wengine mjue presha hii yaweza kuja hata baada ya kuzaa, mpaka wiki ya 6, kwa hiyo mzazi akisema kichwa msimpe panadol mkamwacha.

#38 BintiMtopanga
Nimesoma yote na nimemsomea mume wangu pia. Tumemwalika mama mkwe aje Mombasa wiki hii anisindikize kliniki, nesi amuelezee yeye mwenyewe la asali. Amekubali kuja, hajakubali la maji. Asema yeye kazaa saba. Sijaamua kama nitaenda Kwale.

#39 MzeeWaKibokoni
Vizuri kumleta. Al-Baqara aya ya 233 yataja wazazi kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana. Kama ziwa lataka shauri la watu wawili, basi na mengine. Mumeo asiseme amua mwenyewe akatoka, naye aingie kwenye shauri.

#40 BabaMapacha
@MzeeWaKibokoni hapo umetushika wanaume. Niamue mwenyewe ni neno tamu lakini likija tatizo yuabaki peke yake na uamuzi wake.

#41 KadzoM
Mie niulize la kurudi kazini maana miezi 3 ni kidogo na maziwa pekee ni 6. Mnakamua mnaweka vipi? Niliambiwa yakaa saa nane nje.

#42 NesiWaZamu
Saa nane ni nyingi kwa Mombasa. Ushauri ni mpaka saa 4 kwenye joto la kama digrii 25, na huku kwetu Februari chumbani ni zaidi ya 30, kwa hiyo tia frijini mara moja ama kikapu cha barafu. Frijini yakaa siku 4, nyuma kabisa si mlangoni. Ukiyatoa yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya maji moto, usiyachemshe. Mpe kwa kikombe.

#43 KadzoM
Na alo na kazi ya ofisi ama kiwanda, Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea na mda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na mda wa chakula. Kwetu chumba hicho ni stoo ya ndoo. Niliuliza kwa maandishi, bado sijajibiwa.

#44 Fundi_Cherehani
Nimesajili SHA leo. Swali, mume aruhusiwa kuingia leba hospitali za serikali? Mke wangu anataka niwepo.

#45 NesiWaZamu
Mama kuwa na mtu anayemtaka ni jambo linalopendekezwa, uchungu unakwenda vizuri zaidi. Kizuizi ni vitanda viko wazi ukumbi mmoja, ukiingia wewe unawaona na wake za wenzio. Palipo na mapazia wengine wanaruhusu, pasipo na mapazia anaruhusiwa mamake ama dadake. Ulizeni sasa hivi mkienda kliniki, kila hospitali ina yake.

#46 BabaMapacha
Na ukikatazwa usiende nyumbani, kaa hapo nje simu iwe na chaji. Damu ikihitajika ni wewe watakuja kukutafuta, na ujue damu yako ni grupu gani kabla ya siku hiyo.